Vitabu vya Ajaili, vya Uandishi wa Programu na vya Ubunifu: Kipi Kinafaa kwa Tatizo Ulilo Nalo

Mtu anayetafuta vitabu vya kumsaidia katika kazi ya kutengeneza programu hukutana na orodha ndefu zilizopangwa kwa umaarufu. Orodha hizo hazikosei kuhusu ubora wa vitabu, kwani vingi kati yake ni vizuri kwelikweli. Zinachoacha kusema ni kwamba kitabu kilichomkomboa mtu mmoja kinaweza kumchosha mwingine ambaye tatizo lake ni la aina nyingine kabisa. Kiongozi wa timu inayochelewesha kila kazi hana haja sawa na mtu anayefanya kazi peke yake huku akiogopa kuugusa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, alioandika mwenyewe mwaka jana. Na hao wawili hawafanani na yule mwenye zana zote na mbinu zote, ambaye hata hivyo wazo jipya halimjii.

Katika ulinganisho huu nimetumia kipimo kimoja. Kila kitabu nimekiuliza kinamsaidiaje msomaji kupunguza gharama ya kukosea. Nimekichagua kipimo hicho kwa sababu kazi ya programu hufanywa kabla ya kujua: mteja hutambua anachokitaka akishakiona, na mtayarishaji programu hulielewa tatizo akiwa tayari katikati ya kulitatua. Ambaye kila kosa humgharimu sana huacha kujaribu, na aliyeacha kujaribu hana njia ya kubuni. Kwa hiyo naamini vitabu vya ajaili (mtindo uitwao Agile kwa Kiingereza, wa kutengeneza programu kidogo kidogo na kujirekebisha njiani), vya ufundi wa msimbo na vya ubunifu vinashughulikia jambo lile lile kutoka pande tatu, na anayesoma vya upande mmoja tu hubaki na theluthi moja ya maarifa anayoyahitaji.

Extreme Programming Explained au The Scrum Guide?

Neno ajaili lilipata maana yake ya sasa Februari 2001, pale watu 17 walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi lenye thamani nne, ambalo liliambatana na kanuni 12. Tamko hilo linatanguliza watu na mawasiliano yao mbele ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, ushirikiano na mteja mbele ya majadiliano ya mkataba, na kuitikia mabadiliko mbele ya kuufuata mpango. Lisomwe kabla ya kitabu chochote, kwa kuwa halichukui hata robo saa. Saba kati ya watu hao 17 ni waandishi wa vitabu nitakavyovijadili hapa, na inashangaza jinsi vitabu vyao vinavyotofautiana ilhali walitia saini karatasi moja.

The Scrum Guide, ya Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ni mwongozo wa mfumo wa kazi uitwao Skramu. Ilitolewa mara ya kwanza 2010, ikarekebishwa mara kadhaa hadi toleo la 2020, na inapatikana bure katika intaneti. Ina kurasa zisizozidi 15. Inaeleza mizunguko ya kazi isiyozidi mwezi mmoja, kikao cha kila siku cha dakika 15, majukumu ya aina tatu ndani ya timu ambayo kwa kawaida haizidi watu 10, na desturi ya kuitazama kazi na kujirekebisha kila mzunguko unapokwisha. Hata asiyejua kuandika msimbo huielewa kwa kikao kimoja, na hiyo ni faida kubwa mahali ambapo mameneja na mafundi hawajawahi kuzungumza lugha moja. Lakini haisemi chochote kuhusu namna ya kuandika msimbo. Waandishi wenyewe wanaeleza kwamba wameuacha mfumo huo bila kukamilika kwa makusudi, ili kila timu ijazie mbinu zake. Msomaji asiyeyazingatia maelezo hayo ataingia kwenye kiunzi akidhani ni nyumba.

Mimi niliwahi kuishi ndani ya kiunzi hicho. Timu niliyokuwemo ilichukua mizunguko ya wiki mbili na vikao vya asubuhi, ikaahirisha majaribio na usanifu hadi siku ambazo hazikufika. Mizunguko ya kwanza ilikwenda mbio. Baadaye kila badiliko dogo lilivunja kitu kingine, na kikao cha kujitathmini kikawa mahali pa kurudia malalamiko yale yale, kwa sababu tatizo tuliliona vizuri lakini hatukuwa na ufundi wa kulitatua.

Extreme Programming Explained, cha Kent Beck, kilichotoka 1999, kinaanzia mahali ambapo Skramu inakomea. Kabla yake wahandisi wengi waliongozwa na mchoro uliotokana na kazi ya Barry Boehm, ambaye katika kitabu chake cha 1981 alionyesha kwamba kosa linalogunduliwa programu ikiwa tayari mikononi mwa watumiaji hugharimu mara nyingi zaidi kulirekebisha kuliko lile linalogunduliwa wakati wa kuandika mahitaji. Wengi walitoa hukumu kwamba basi kila kitu kifikiriwe mwanzoni. Beck aliuliza swali jingine: je, gharama hiyo inaweza kuzuiwa isipande kwa kasi namna hiyo? Mbinu zake 12, miongoni mwake majaribio yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe, usanifu rahisi, kuandika msimbo wawili wawili kwenye kompyuta moja, kuunganisha kazi mara nyingi kwa siku na kutoa matoleo madogo madogo, ni jibu la swali hilo. Mbinu hizo zinategemeana. Anayepanga upya msimbo bila majaribio anacheza na moto, na anayefanya usanifu rahisi bila ujasiri wa kuubadilisha baadaye atakwama nao.

Uchaguzi kati ya matoleo mawili ya kitabu hicho nao una uzito wake. Toleo la pili, la 2004, ambalo Beck aliliandika pamoja na Cynthia Andres, liliongeza heshima kwenye thamani nne za awali, ambazo ni mawasiliano, urahisi, mrejesho na ujasiri, kisha likazigawa mbinu katika makundi mawili: 13 za kuanzia na 11 za kufuata baadaye. Ni toleo pole zaidi, linalomruhusu msomaji kuanza na mbinu moja na kusonga taratibu. Toleo la kwanza ni kali, linadai mengi kwa pamoja, lakini hoja ya gharama ya mabadiliko imo humo kwa nguvu zake zote. Kiongozi anayetaka kuibadilisha timu yake achukue la pili. Anayetaka kuelewa ni kwa nini watu walibishana sana mwishoni mwa miaka ya 1990 atafute la kwanza, hata likiwa limechakaa.

Kati ya hivi viwili, basi, mwongozo wa Skramu unafaa pale ambapo ufundi upo lakini kazi haina mpangilio, na kitabu cha Beck kinafaa pale ambapo mpangilio upo lakini kila toleo linatoka na kasoro. Kwa niliyoyaona, hali ya pili ni ya kawaida kuliko watu wanavyokubali, na ningelazimika kupendekeza kimoja tu ningetaja cha Beck.

The Mythical Man-Month au Peopleware?

Hivi viwili vinahusu kuchelewa, na vyote vimetangulia tamko la 2001 kwa miaka mingi. Fred Brooks aliongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, na The Mythical Man-Month, cha 1975, ni tafakari yake juu ya kwa nini kazi ile ilichelewa. Kauli yake maarufu ni kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, na hoja iliyo nyuma ya kauli hiyo ina hesabu ambayo kila meneja angepaswa kuifanya kwa mkono wake: watu 5 wakihitaji kuwasiliana kila mmoja na mwenzake, njia za mawasiliano ni 10, wakiwa 10, njia ni 45, wakiwa 50, njia ni 1,225. Watu wameongezeka mara kumi na mawasiliano zaidi ya mara mia moja.

Anayekinunua ahakikishe anapata toleo la 1995. Lina insha ya 1986 inayotenganisha ugumu ulio katika asili ya programu na ugumu unaoletwa na zana, na kudai kwamba hakuna uvumbuzi mmoja utakaoongeza tija mara kumi ndani ya mwongo mmoja. Lina pia sura ambayo Brooks anakirudia kitabu chake baada ya miaka 20 na kutaja wazi alipokosea. Mwaka 1975 alishauri programu ya kwanza itengenezwe kwa nia ya kuitupa. Mwaka 1995 alisema ushauri huo ulikuwa na kasoro, kwa kuwa ulichukulia kwamba kazi hufanywa hatua kwa hatua bila kurudi nyuma, naye sasa aliona ni bora programu ikuzwe kidogo kidogo, kila siku ikiwa inafanya kazi. Nimesoma vitabu vingi vya fani hii na sijui sura nyingine iliyonifundisha zaidi juu ya ajaili kuliko hiyo ya mtu ambaye hakuwa miongoni mwa watia saini wa tamko.

Peopleware, cha Tom DeMarco na Timothy Lister, kilitoka 1987 na toleo lake la tatu ni la 2013. Kinashikilia kwamba matatizo makubwa ya miradi ya programu yanatokana na watu na mahusiano yao kuliko teknolojia. Waandishi waliendesha mashindano ya kuandika programu kati ya 1984 na 1986 yaliyohusisha watayarishaji zaidi ya 600. Waligundua kwamba tofauti kati ya waliofanya vizuri na waliofanya vibaya ilikuwa kubwa sana, na kwamba wawili waliotoka kampuni moja walielekea kukaribiana. Waliofanya vizuri walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kimya zaidi na vikatizo vichache. Msomaji makini ataona kwamba takwimu hizo hazithibitishi kipi kimesababisha kipi, kwa kuwa kampuni nzuri huenda huvutia watu hodari na pia huwapa ofisi nzuri. Hata hivyo maelezo ya jinsi akili inavyohitaji dakika 15 au zaidi kuzama katika kazi, na jinsi simu moja inavyoifuta hali hiyo yote, yanatosha kukifanya kitabu kistahili kusomwa na kila anayewapangia wengine muda.

Brooks anafaa kwa mwenye kupanga ratiba na idadi ya watu. DeMarco na Lister wanafaa kwa mwenye kupanga viti, milango na vikao. Mtayarishaji asiye na mamlaka juu ya lolote kati ya hayo atafurahia zaidi cha Brooks, hasa sura yake ya kwanza, inayoeleza raha ya kazi hii ya kujenga kwa fikra tupu karibu kama mshairi afanyavyo.

Clean Code, A Philosophy of Software Design au The Pragmatic Programmer?

Hapa ndipo ulinganisho una faida kubwa zaidi, kwa sababu vitabu viwili kati ya hivi vinapingana waziwazi, na msomaji wa kimoja tu anaweza kuamini kwamba mambo haya yamekwisha kuamuliwa.

Clean Code, cha Robert Martin, cha 2008, kinafundisha kwamba funksheni, yaani vipande vya msimbo vilivyopewa jina na kazi yake, ziwe fupi sana, kila moja ifanye jambo moja, majina yaeleze nia, na maelezo ya pembeni, yaani maneno anayoandikiwa msomaji ndani ya msimbo, yaepukwe kwa kuwa mara nyingi ni dalili kwamba msimbo wenyewe umeshindwa kujieleza. Mifano yake ni ya lugha ya programu ya Java. Nguvu yake imo katika sura za 14 hadi 16, ambamo programu halisi zinasafishwa mbele ya macho ya msomaji. Udhaifu wake ni kwamba kanuni zake husomwa kama sheria, na aliyezishika kwa bidii kupita kiasi huishia na funksheni za mistari miwili miwili, ambazo msomaji wake lazima aziruke kutoka moja hadi nyingine kama anayevuka mto kwa mawe madogo.

A Philosophy of Software Design, cha John Ousterhout, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyeunda lugha ya programu ya Tcl, kilitoka 2018 na kurekebishwa 2021. Kina kurasa kama 200. Ousterhout anasema adui ni utata, na utata huzaliwa na mategemeo mengi pamoja na mambo yaliyofichika. Sehemu nzuri ya programu, kwake, ni yenye kina: mlango wake, yaani yale ambayo anayeitumia analazimika kuyajua, ni mdogo na kazi inayofanyika ndani ni kubwa. Kwa msingi huo anapinga ukataji wa funksheni vipande vipande, kwa kuwa kila kipande huongeza mlango mwingine wa kujifunza. Anatetea maelezo ya pembeni pia, akisema yapo mambo ambayo msimbo hauwezi kuyabeba. Anashauri mtu atenge asilimia 10 hadi 20 ya muda wake kwa usanifu, na anaionya ajaili yenyewe: timu inayoongeza kipengele baada ya kipengele bila kusimama kutafakari hujikuta na rundo la viraka.

Ushauri wake ninaoupenda zaidi ni kusanifu kila jambo kubwa mara mbili, kwa njia mbili zinazotofautiana kweli, kabla ya kuchagua. Ni ushauri wa kiufundi, lakini ni wa ubunifu pia. Wazo la kwanza huja na mazoea yake. La pili humlazimu mtu kuona kwamba lile la kwanza lilikuwa chaguo, na kwamba lingeweza kuwa jingine. Michoro miwili kwenye karatasi hugharimu saa chache, ilhali kosa la usanifu lililokwisha kujengwa huweza kugharimu miezi.

The Pragmatic Programmer, cha Andrew Hunt na Dave Thomas, cha 1999, chenye toleo la pili la 2019, hakiingii katika ugomvi huo moja kwa moja. Ni mkusanyiko wa vidokezo vifupi, 100 katika toleo jipya. Kinasema kila ujuzi uwe na mahali pamoja tu katika mfumo, na toleo la 2019 linafafanua vizuri kwamba kinachokatazwa ni kuurudia ujuzi, hata pale mistari ya msimbo isipofanana, na kwamba mistari inayofanana si lazima iwe kosa. Kinashauri kujenga mapema njia nyembamba inayopita mfumo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, ili kosa la mwelekeo lionekane wiki ya kwanza. Kinashauri mtu ajifunze lugha mpya ya programu kila mwaka. Upungufu wake ni wa aina ya kitabu chenyewe: kinagusa mengi na kuchimba machache.

Mwanzilishi namshauri achukue The Pragmatic Programmer, toleo la 2019, na asiharakishe. Mwenye uzoefu wa miaka miwili au mitatu asome Clean Code na cha Ousterhout kwa mfuatano, huku akiwa na msimbo wake mwenyewe kando wa kupimia hoja. Ikiwa muda unatosha kimoja tu kati ya hivyo viwili, mimi nachagua cha Ousterhout, kwa sababu kinampa msomaji sababu anazoweza kuzibishia, wakati kile cha Martin kinampa kanuni ambazo ni rahisi kuzitii bila kuzielewa.

Refactoring, Test-Driven Development na kitabu kimoja kigumu

Martin Fowler alitoa Refactoring mwaka 1999 kwa mifano ya Java, akakiandika upya 2018 kwa mifano ya JavaScript. Kinaeleza namna ya kuubadilisha umbo msimbo bila kubadili kazi yake, kwa hatua ndogo kiasi kwamba hakuna hatua inayoweza kuharibu mengi. Kina sura inayoorodhesha dalili za msimbo ulioanza kuoza, aliyoiandika pamoja na Beck, na sehemu kubwa iliyobaki ni katalogi ya mabadiliko hayo, moja moja. Test-Driven Development: By Example, cha Beck, kilichotoka 2002, kinaanza na mfano wa kujumlisha fedha za sarafu tofauti na kuupitia kwa mwendo wa polepole: andika jaribio linaloshindwa, lifanye lipite, kisha safisha. Baadhi ya wasomaji hukasirishwa na udogo wa hatua zake. Beck anaeleza kwamba si lazima mtu atembee polepole hivyo kila siku. Kinachotakiwa ni awe na uwezo wa kupunguza mwendo njia inapokuwa na utelezi. Cha Fowler ni cha mwenye msimbo wa zamani, cha Beck ni cha anayeanza ukurasa mpya.

Structure and Interpretation of Computer Programs, cha Harold Abelson na Gerald Jay Sussman wakiwa na Julie Sussman, kimetajwa hapa kwa sababu orodha nyingi hukipendekeza kwa kila mtu. Kilitoka 1985, toleo la pili likafuata 1996, na kilitumika kwa miaka mingi kuwafundisha wanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, kwa lugha ya programu ya Scheme. Kinapatikana bure katika intaneti. Hakitakusaidia kumaliza kazi ya wiki hii. Kinamfaa anayetaka kujua lugha za programu zimetengenezwa na nini, na mazoezi yake yanahitaji miezi. Anayekisoma bila kufanya mazoezi hajakisoma.

Vitabu vya ubunifu: A Technique for Producing Ideas, How to Solve It au Creativity, Inc.?

Watayarishaji programu wengi huviruka vitabu hivi kwa kudhani ni vya wasanii. Nadhani ni hasara.

A Technique for Producing Ideas, cha 1940, kiliandikwa na James Webb Young, mtu wa matangazo ya biashara, na ni kifupi kiasi cha kusomwa kabla chai haijapoa. Anasema wazo jipya ni muungano mpya wa vitu vya zamani, na analeta hatua tano: kukusanya malighafi, kuitafuna akilini, kuliacha tatizo kabisa, kulipokea wazo linapojitokeza, na kulifinyanga hadi lifae duniani. Graham Wallas, katika The Art of Thought cha 1926, alikuwa ameeleza mfuatano unaokaribiana na huo. Miongoni mwa aliowategemea alikuwamo mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, aliyesimulia jinsi suluhisho lilivyomjia ghafla alipokuwa akipanda gari la abiria, akiwa safarini na hesabu ameziacha nyuma. Wanaopenda simulizi hilo hulikumbuka gari na kusahau majuma ya kazi ngumu yaliyotangulia. Young halisahau hilo: analaumu hasa uvivu wa hatua ya kwanza. Kwa mtayarishaji programu, hatua hiyo ni kuusoma msimbo uliopo, kuwatazama watumiaji wakihangaika na kuijua kazi yao nje ya kompyuta.

How to Solve It, cha George Pólya, cha 1945, ni cha mtu wa tabia nyingine. Pólya alifundisha hisabati, na hatua zake ni nne: lielewe tatizo, tunga mpango, utekeleze, kisha tazama nyuma. Ndani yake mna maswali ambayo mtu anaweza kujiuliza akiwa amekwama, kwa mfano kama anajua tatizo linalofanana na lake, au kama anaweza kutatua sehemu yake tu. Young anamfaa anayetafuta la kufanya, na Pólya anamfaa aliyekwisha kulipata na likamshinda. Katika kazi ya kila siku ya kusaka hitilafu, Pólya ndiye ninayemrudia, na hatua yake ya nne ndiyo ninayoona ikirukwa zaidi: hitilafu inapotoweka watu hufunga faili na kuondoka bila kuuliza iliingiaje.

Creativity, Inc., cha Ed Catmull akishirikiana na Amy Wallace, cha 2014, kinahusu ubunifu wa kundi. Catmull ni mwanasayansi wa kompyuta aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pixar, kampuni iliyotoa filamu ya katuni ya Toy Story mwaka 1995. Anasimulia bila kujipamba kwamba kila filamu yao huanza ikiwa mbaya. Anaeleza kundi la Braintrust, ambalo huitazama filamu inayotengenezwa na kusema ukweli wote, lakini halina mamlaka ya kumwamuru mwongozaji afuate ushauri wake. Mpangilio huo unastahili kutafakariwa na kila timu yenye utaratibu wa kukaguliana msimbo, kwa sababu mkaguzi anapokuwa pia mwenye amri, ukaguzi hugeuka mtihani na watu huanza kuficha kazi ambayo haijaiva. Anasimulia pia jinsi sehemu kubwa ya Toy Story 2 ilivyofutwa kwa amri moja iliyotolewa kimakosa kwenye kompyuta, ikaokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, na jinsi viongozi walivyochagua kutomsaka wa kumwadhibu.

Kitabu hicho kisomwe kwa tahadhari moja. Ni kumbukumbu za kiongozi wa kampuni iliyofanikiwa, na sauti za waliokuwa chini yake zinafika kwetu kupitia kwake. Anayetaka ushahidi mpana zaidi atafute Creativity cha Mihaly Csikszentmihalyi, cha 1996, kilichojengwa juu ya mahojiano na watu 91 waliofanya makubwa katika fani mbalimbali, ingawa ni kizito zaidi na hakina mambo ya kutekeleza kesho asubuhi.

Mfuatano ninaoupendekeza

Timu iliyochoshwa na vikao ichukue kitabu cha Beck, toleo la 2004, kisomwe na wote kwa pamoja sura moja kwa wiki, na ianze na majaribio kabla ya kitu kingine chochote. Meneja anayeombwa aongeze watu asome Brooks kabla ya kujibu, na Peopleware kabla ya kubomoa kuta za ofisi. Timu yenye ufundi mzuri lakini inayotoa bidhaa zisizomsisimua mtu isome Catmull na Young, kisha ijiulize ni mara ngapi katika mwezi uliopita mtu wake alionyesha jambo lililoshindikana bila kuogopa.

Anayefanya kazi peke yake, mwenye msimbo wa zamani unaomtisha, aanze na Refactoring ya 2018. Asome sura nne za mwanzo kwa ukamilifu, maana ya nne ndiyo inayofundisha kujenga majaribio, na zilizobaki azitumie kama kamusi. Kisha achague faili moja, ile anayoiogopa zaidi, aiandikie jaribio moja tu kabla ya kubadili mstari wowote.